Prosesa Niliyoing'arisha

Jumapili, 8 Septemba

Jambo hili sijamwambia mtu. Si mama, si dada, si hata mto wangu ninaoulalia, ambao unajua mengi. Naliandika hapa kwa sababu karatasi haina mdomo.

Laptopu ya dada haikuharibika. Niliiharibu mimi.

Tena sikuiharibu kwa ubaya. Niliiharibu kwa usafi!

Ilikuwa Jumapili iliyopita. Dada katoka. Feni ya laptopu ilikuwa ikikoroma siku nyingi, nami nilitaka kumshangaza: arudi aikute kimya. Nikatafuta video kwenye simu ya mama. Jamaa mwenye vidole vyembamba, anafungua laptopu kama anamenya chungwa. Nikamfuata skrubu kwa skrubu. Kifuniko kikatoka. Vumbi nikalipuliza. Nikang'oa lile bomba la shaba lililolala juu ya prosesa, ule ubongo wa laptopu, na kwenda hadi kwenye feni. Hapo ndipo bando likaisha.

Nikabaki peke yangu na prosesa. Ndogo, bapa, kama kipande cha kigae. Na juu yake, uchafu! Wa kijivu, umeganda, mwingine kama huo umenata kwenye shaba.

Sasa, mama yangu ni dobi. Chumba chetu cha mbele kina meza tatu za pasi na bango linalosema DOA HALINA NAFASI. Mimi nimelelewa nikijua doa ni adui wa ukoo. Nikachukua spiriti ya kutolea madoa ya wino, nikachukua pamba, nikasugua. Nikasugua tena. Prosesa ikang'aa mpaka nikaiona pua yangu. Shaba nayo nikaisugua. Nikafunga kila skrubu mahali pake. Nilijisifu kimoyomoyo hadi jioni.

Tangu siku hiyo laptopu inawaka dakika kumi na mbili tu. Inachemka kiasi cha kunyooshea leso, kisha puu, giza.

Na Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, dada anatakiwa kusimama mbele ya kamati ya zahanati. Wanataka kujenga wodi ya wazazi. Dada ni mchora ramani za majengo. Miaka miwili tangu amalize chuo kachora vyoo vya watu na kuta za watu. Hii ndiyo nafasi yake ya kwanza ya kuchora kitu ambacho binadamu ataingia kwa hiari. Jengo atalionyesha kwenye skrini, likizunguka, mlango kwa mlango, kwa dakika ishirini na tano. Laptopu inawaka kumi na mbili. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Leo nimemsikia akilia bafuni. Kafungulia bomba ili tusisikie. Nikasimama mlangoni, nikayapanga maneno yangu yote, la kwanza hadi la mwisho. Alipotoka nikasema: pole. Akauliza pole ya nini.

Nikasema: ya maji.

Ya maji!

Jumatatu, 9 Septemba

Binamu kaja. Huyu ni mtoto wa mjomba. Kasoma kompyuta muhula mmoja, sasa anatembea na begi la kompyuta lisilo na kompyuta. Kwake kila kitu ni virusi. Simu ikiisha chaji, virusi. Pasi ya mama ilipoungua waya mwaka jana, aliinusa, akatikisa kichwa, akasema hata hizi siku hizi zinapata.

Kaiangalia laptopu kwa mbali, kabinya midomo, kamwambia dada: virusi, tena vya kizazi kipya. Mama kafurahi, kumbe ukoo una mtaalamu! Kampa kiti chenye mto. Kiti changu.

Kisha akauliza: na Bi Kimya, hajambo? Ndivyo anavyoniita. Nilikuwa na jibu kali mno. Lilinijia saa mbili baadaye, nikiosha vyombo.

Mpango wa kwanza: barafu. Kitu kikiwa cha moto, unakipoza. Hilo halihitaji shahada. Nikajaza barafu kwenye mfuko wa plastiki, nikauviringishia sweta langu la shule, nikauweka chini ya laptopu. Nikamwambia dada ni mto wa kuinulia skrini, shingo isimuume. Kanishukuru! Kanipapasa kichwa, kaniita mdogo wangu wa dhahabu! Aibu ilinichoma masikio. Ningeyalaza juu ya ile barafu.

Dakika kumi na tisa! Saba zaidi!

Dakika ya ishirini sweta likaanza kutiririka. Maji yakaifikia michoro ya karatasi, chumba cha kujifungulia kikavimba kama mimba yenyewe. Dada kauliza mto gani huu unaokojoa. Mama kaitwa kuamua. Kalikamua sweta, kanitazama sana, kasema mwanangu, sweta huanikwa juani, halilazwi chini ya umeme.

Binamu kaweka programu mbili za kuua virusi. Zikaanza kuwindana zenyewe kwa zenyewe. Sasa tuko dakika kumi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimetumia kompyuta ya maktaba ya shule wakati wa mapumziko. Nimejua kosa langu.

Ule uchafu si uchafu. Ni pesti. Iliwekwa pale kiwandani, kwa makusudi, ili joto litoke kwenye prosesa lipande kwenye shaba. Nilisoma sentensi hiyo kwa Kiingereza mara tatu, kisha nikajitafsiria kwa Kiswahili, nikitumaini itakuwa nafuu. Haikuwa.

Pesti mpya inapatikana kwa Mama Bisibisi, yule fundi wa simu na laptopu pale kona, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Lakini kwenda kwa Mama Bisibisi maana yake ni kuongea. Tena mbele ya wateja, kwenye kibanda cha kioo. Nimeyafikiria haya kwa dakika nzima, nikaendelea kusoma.

Na Mungu si Athumani! Chini ya ukurasa, mtu mmoja kaandika kwamba ukikosa pesti, dawa ya meno inafaa. Mwingine kamjibu: ndiyo, ila... Hapo kengele ikalia. "Ndiyo" nilikuwa nimeshaipata, sikuona haja ya kuisubiri "ila".

Tena yetu ni ya mnanaa. Kama inapoza ulimi, itashindwa prosesa?

Dada alipoingia kuoga, nikafungua, nikapaka, nikafunga. Mkono wangu sasa unajua njia. Dada kawasha. Dakika kumi. Kumi na tano. Thelathini. Arobaini! Jengo linazunguka kama bibi harusi! Dada kacheza peke yake sebuleni, kamshika mama, wakacheza wote.

Binamu kaingia, kaangalia, kasema si niliwaambia? Virusi vimekata roho.

Mama kampakulia mara ya pili. Mimi nimeambiwa niondoe sahani yake.

Jumatano, 11 Septemba

Dakika tisa.

Tisa! Chini ya barafu, chini ya virusi, chini ya kila kitu! Nadhani sasa najua ile "ila" ilitaka kusema nini. Dawa ya meno imekauka. Halafu harufu! Kila feni ikizunguka, mnanaa unajaa nyumba. Dada kainamia laptopu, kanusa, kasema hii mashine imepiga mswaki au pua yangu ina wazimu? Nikakohoa, nikaenda kuangalia nguo za mteja ambazo hazikuhitaji kuangaliwa.

Zimebaki siku tatu. Dada hali chakula. Kasema labda Jumamosi achore jengo hewani kwa vidole, kamati ijazie yenyewe. Mama kamwambia asiongee hivyo. Kaongea hivyo tena.

Na baya zaidi: binamu katangaza kwamba virusi vimezaa, kwa hiyo kesho ataifungua laptopu kwa mikono yake, ajionee kiota. Ataona prosesa inayong'aa kama kioo cha kinyozi na dawa ya meno juu yake! Mvunja nchi ni mwananchi. Mvunja laptopu ni mwenye mswaki. Na kwenye nyumba hii mtu pekee anayepiga mswaki mara tatu kwa siku ni mimi.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimemtega binamu. Sijutii.

Alfajiri nilimwambia mama kwamba binamu kajitolea kupeleka mashuka ya nyumba ya wageni, yote, kwa mguu, kwa sababu anampenda sana shangazi yake. Mama alikaribia kulia kwa furaha. Alipofika, mama kamkumbatia kwanza, ndipo akamwonyesha mafurushi. Utakataaje baada ya kukumbatiwa? Kaenda safari nne. Jioni karudi kajilaza kwenye kiti changu, mgongo umegoma. Virusi hakuvitaja.

Lakini habari ya leo ni nyingine. Baada ya shule nilimsaidia mama kupiga pasi. Mawazo yangu yalikuwa kwenye prosesa, nikawa napitisha pasi bila kuikandamiza, inaelea. Mama kaniambia: mwanangu, joto si chura, haliruki. Pasi isipogusa kitambaa, unapasha hewa tu, na hewa haina mikunjo.

Nikasimama. Pasi mkononi. Mdomo wazi.

Hilo nililisoma! Darasani! Namna joto linavyopita kwenye vitu vinavyogusana, na jinsi hewa inavyolizuia. Nilipata tisa kwa kumi. Kwa lugha zote mbili! Halafu nikaenda nikatoa kitu pekee kilichokuwa kinavigusanisha!

Mama kaniambia nishushe pasi, kunanuka moshi. Kweli, kola ya mteja.

Basi hakukuwa na njia nyingine. Kwa Mama Bisibisi. Nilipita mbele ya kibanda chake mara nne. Mara ya tano kaita kwa sauti: wewe binti, unapita na kurudi kama pendula, nikurekebishie nini? Wateja watatu wakageuka. Nikamwamkia shikamoo. Kaitikia marahaba. Nikamwamkia tena. Akasema ya kwanza imefika.

Nikasema nina rafiki. Akasema ehe. Nikasema rafiki alifungua laptopu akafuta... akafuta kitu cha kijivu. Mama Bisibisi kashusha miwani ya kichwani, kaiweka juu ya ile ya puani, kanitazama. Kauliza: huyo rafiki yako ni mtoto wa dobi?

Wateja wamecheka mpaka mmoja kaangusha simu, ndiyo ikabidi naye aingie foleni.

Lakini yeye hakucheka sana. Kachukua vipande viwili vya chuma kibovu, kavisuguanisha sikioni kwangu. Krrr. Kasema macho yanakudanganya, mwanangu. Chuma laini ni milima na mabonde. Mabondeni kunakaa hewa, na hewa ni mgeni asiyejua kuaga. Pesti kazi yake ni kumtoa hewa na kukaa mahali pake. Basi.

Kanipa pesti kwenye bomba dogo la sindano. Malipo? Nimfulie koti lake la kazi. Koti lenyewe lilikuwa na madoa ninayoyajua kwa majina. Nilifurahi kuliko alivyofikiri.

Alipokuwa ananipa kasema: kiasi cha punje ya njegere, usizidishe.

Ijumaa, 13 Septemba

Njegere ipi?

Nimeamka na swali hilo. Mbichi au kavu? Kavu ni kijidude, mbichi ina mwili, ya kuchemshwa imenona. Kurudi kuuliza sikuweza, jana niliongea maneno ya wiki nzima. Nikaamua mwenyewe: kama njegere moja inatosha, njegere kumi zitatosha zaidi. Kesho si siku ya kubahatisha.

Nikaisubiri jioni, dada kaenda kuazima viatu kwa jirani. Nikaweka laptopu kwenye meza ya pasi, penye mwanga. Nikakwangua dawa ya meno yote, nikapaka pesti kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Sindano nzima! Nikalaza shaba juu yake. Nilipoanza kukaza skrubu, pesti ikaanza kutoka pembeni. Uchungu ulionipata! Nikazilegeza zote, isipotee. Nikawasha.

Dakika saba.

Nikakaa chini, katikati ya mashuka ya watu. Sindano tupu. Mpango wa tatu, na ni mwendo wa kurudi nyuma: arobaini, tisa, saba. Kesho saa nne dada anaingia pale na mashine ya dakika saba, na ni mimi.

Nikafungua tena kifuniko, bila kujua nataka kufanya nini. Ndipo mlango ukafunguka. Dada, viatu vya kuazima mkononi. Kaiona laptopu yake tumbo wazi.

Nilijaribu kusema. Ninaapa nilijaribu. Ulimi ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa. Nikachukua risiti ya nguo, nikaandika nyuma yake, nikampa: "Ni mimi. Niliifuta. Nilidhani ni uchafu. Binamu asijue."

Kaisoma. Kakaa juu ya furushi la mashuka. Kaisoma tena. Nilihesabu mashati kumi na moja kwenye henga. Kisha kauliza kwa sauti ndogo: na ule mto? Nikasema barafu. Na ile harufu? Nikafungua mdomo, nikamwonyesha meno.

Kacheka! Kacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kicheko, mimi nimesimama tu kama mwavuli. Mwisho kafuta macho kwa foronya ya mteja, kasema: mdogo wangu, nitakukasirikia sana, lakini leo sina nafasi. Leta tochi.

Kainama mpaka jicho lake likawa sawa na meza. Kasema mbona hii shaba imekaa upande? Upande huu imegusa, upande ule unaweza kupitisha barua. Nikamweleza kuhusu skrubu. Kafumba macho kidogo. Kasema nguzo ya chuma haikazwi hivyo. Ukitaka isimame sawa, unakaza kidogo kona hii, kidogo kona ya mbali, unazunguka hivyo hivyo, taratibu, mpaka zote zishike. Pesti iliyozidi tukaikwangua kwa kadi, tukabakiza tone. Nikamuuliza njegere ipi. Kasema ile inayonyamaza.

Kona hii. Kona ya mbali. Mimi tochi, yeye bisibisi.

Dakika kumi na mbili. Ishirini na tano. Saa nzima jengo linazunguka! Nikaweka kiganja juu: vuguvugu tu, kama shati lililotoka kwenye pasi. Mama kaingia, katukuta tumekumbatiana, kauliza nani kafa.

Jumamosi, 14 Septemba

Nilibeba michoro ya karatasi. Binamu kaja pia, na begi lake, na mgongo wake. Kasema panapo virusi mtaalamu hakai mbali.

Tulikaa nyuma. Kamati ya watu watano. Dada kaanza, jengo likazunguka. Dakika ya kumi na mbili niliacha kupumua. Ya kumi na tatu nikapumua. Ya ishirini na tano kamaliza, nikataka kupiga makofi, lakini mkunga mmoja kwenye kamati kamwambia arudie madirisha. Kisha kauliza wanaosindikiza wazazi watakaa wapi, maana siku zote wanakaa juu ya ndoo. Dada kawaonyesha kibaraza chenye benchi ndefu na kivuli. Mkunga kaegemea nyuma, kasema: hapo sasa. Jumla, dakika hamsini na moja! Feni ilikuwa inanong'ona tu.

Wamempa! Mwenyekiti kasema Jumatatu asubuhi alete michoro iliyochapishwa, kazi ianze. Dada alisema asante mara sita. Nilidhani mimi ndiye huwa hivyo.

Nje, binamu kapiga kifua, kasema bila zile programu mbili leo ingekuwa aibu. Nikasikia mtu anasema kwa sauti: hakukuwa na virusi! Ilikuwa sauti yangu. Maneno matatu, barabarani, mchana kweupe! Binamu kageuka kutafuta nani kasema.

Njiani dada kaniapisha. Kitu chochote chenye skrubu, nisikifungue bila ruhusa yake. Nimeapa, na kutoka moyoni kabisa. Nimejifunza.

Jumapili, 15 Septemba

Zahanati imemwazima dada printa. Kubwa, ya wino, ya karatasi pana. Imekuja asubuhi. Ila kila ramani inatoka na mstari mweusi pembeni, kama mtu kaiburuta kwenye masizi. Dada kasema asilani tusiiguse, kesho alfajiri tumwite Mama Bisibisi, kisha kalala. Maskini, wiki nzima hakulala.

Mimi nimeitazama tu.

Nyuma ina mlango mdogo. Hauna skrubu! Vibanio viwili tu, na kuhusu vibanio sikuapa. Nimefungua, na ndani, nimekuta nini? Sifongo. Jeusi tititi, limelowa wino. Fundi wa kiwandani kasahau sifongo lake ndani, chafu, wakaiuza hivyo hivyo! Ndiyo maana inachafua karatasi!

Hili halifanani hata kidogo na lile la prosesa. Lile lilikuwa la kijivu.

Nimelifua maji manne. Limetakata, linapendeza, nimelianika kwenye kamba kati ya mashuka. Dada akiamka akute karatasi nyeupe pe! Nimejaribu kuchapisha moja bila sifongo, kuona tofauti. Tofauti ipo. Wino unashuka chini ya printa, nimeweka sahani. Sahani imejaa, nimeweka bakuli.

Nasikia nyayo. Si za mama, mama anaburuta kandambili. Dada anauliza nani kaacha beseni jeusi bafuni. Sasa anauliza mbona kitasa kina wino. Naukalia huu ukurasa.